Usiruke Maji ya Mlango wa Duche

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kazini ukiona jiwe linalegea juu ya kichwa chako, hupiti kimya. Unasimama, unamwita shefu, na nguzo inawekwa. Lakini jioni, nyumbani kwako hapa Bunia, maji ya kuoga yanatoka chini ya mlango wa duche, nawe unayaruka. Kesho unaruka tena. Je, usalama unabaki getini pamoja na kaske?

Maoni yangu ni haya: maji yanayovuja kwenye duche ni hatari kama zile za kazini, na wa kwanza kuishughulikia ni sisi tunaoishi humo.

Fikiri. Mama anapita na mtoto mgongoni na sufuria ya moto mkononi. Akiteleza, itakuwaje? Tena, nyumba nyingi za mji wetu ni za matofali mabichi yaliyopakwa sima juu tu. Tofali bichi likilowa hurudi kuwa udongo. Kwa nje ukuta unaonekana mzima. Ndani, mguu wake umekuwa tope. Siku moja mvua kubwa inanyesha usiku, ukuta unaanguka, na watoto wamelala kando yake.

Basi tutafute. Mchimbaji anajua kwamba mahali unapoona maji si lazima ndipo yanapotoka. Fanya hivi:

1. Kausha duche yote kwa kitambaa, funga robine, na mtu asioge usiku huo. Asubuhi ukikuta maji, kosa ni la bomba au robine, si la mlango. Usidharau: tone moja kila sekunde ni karibu bidoni nzima ya lita 20 kwa siku.

2. Kama ni kukavu, mwaga maji sakafuni polepole bila kugusa mlango. Yakitoka nje, kosa ni la sakafu au kizingiti.

3. Kausha tena. Sasa mwagia mlango wenyewe, ukianza chini na kupanda juu. Mwenzako akae nje na karatasi kavu, aipitishe pembeni na chini. Karatasi inapolowa kwanza, kosa liko hapo.

Kutengeneza hakuhitaji mali nyingi. Kama una rido ya plastiki, mguu wake uangukie ndani ya kizingiti, si nje. Mlango wa mbao upigiliwe chini ukanda wa mpira wa ndani ya tairi kuukuu. Sakafu ipigwe upya kwa sehemu 1 ya sima na 3 za mchanga, nayo iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, Januari au Februari, ikauke vizuri.

Wenye mlango wa kioo watumie silikoni. Hapa nilikosea mimi mwenyewe: nilipaka mpya juu ya ya zamani, tena kukiwa na unyevu. Haikukaa, ikabanduka. Lazima kukwangua yote ya zamani, kukausha, kupaka, kisha kungoja saa 24 kabla ya kuoga. Paka upande wa nje wa fremu. Chini, upande wa ndani, acha wazi, ili maji yaliyoingia ndani ya fremu yapate njia ya kurudi kwenye duche.

Jambo moja usilijaribu: ukigusa ukuta uliolowa na kusikia umeme unakutetemesha, kata umeme wote na umwite fundi wa umeme.

Najua wengine watasema, «Nyumba si yangu, mwenye nyumba atengeneze.» Ni haki yako kumwambia, na umwambie leo. Lakini ukuta hauulizi ni nani mwenye nyumba. Unamwangukia aliyelala ndani. Wakati unamngojea, tia mpira mlangoni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao walitoa mfano. Katika nyumba ya matofali mabichi ni kweli tupu.

Jumapili hii kausha duche yako, na mpe mtoto wako karatasi aishike. Atajifunza mapema kwamba hatari hairukwi.