Wauza dawa za maumivu waombwe vyeti

Mhariri,



Kwa miaka mingi nasumbuliwa na mgongo na viungo. Hospitali nilipewa vidonge. Mnadani nikauziwa dawa ya mizizi. Nikatumia zote pamoja. Miguu ilipovimba, daktari aliniuliza nimekunywa nini kingine. Nikaona haya, nikakana.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga wasajiliwe, lakini minadani hapa Iramba sijamwona anayewaomba vyeti. Je, tungoje mpaka mtu afe? Wanaohusika wakague minada hiyo. Nasi wagonjwa tumwambie daktari ukweli, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Mkulima,
Kiomboi, Singida.