"Huddle up" si "Kusanyika"

Wako wafasiri wetu ambao kila wakutanapo na kitenzi cha Kiingereza "huddle up" huandika "kusanyika", wakaenda zao. Tena wako wasemao kwamba kosa si lao, bali ni la Kiswahili, ambacho kwa madai yao hakina neno la maana hiyo. Yote mawili nayakataa.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. "Huddle" ni kubanana kwa sababu: baridi, hofu au siri. Neno "up" lifuatalo halina maana ya juu hapa, kama lisivyo nayo katika "eat up". Kazi yake ni kutimiliza tendo. Wanafunzi waliotawanyika uwanjani kusikiliza hotuba, kila mmoja mbali na mwenzake, wamekusanyika, walakini Mwingereza hatawatajia "huddle up" hata kidogo. "Kusanyika" latuambia kwamba watu wamefika mahali pamoja. Halituambii kwamba mabega yamegusana, wala kwa nini.

Je, Kiswahili hakina? Mtu mmoja akiona baridi hujikunyata. Kondoo wakisikia fisi husongamana. Pengwini wa Antaktika, madume yaatamiayo mayai wakati wa baridi kali, hubanana wapate joto. Na wachezaji wa mpira wa Kimarekani, wainamianapo vichwa ili wapinzani wasijue shauri lao, wameitana chemba. Desturi hiyo husimuliwa kuwa ilianza katika miaka ya 1890 kwa wachezaji viziwi wa Chuo cha Gallaudet, mjini Washington, waliotaka kuficha ishara za mikono yao. Basi ni Kiingereza kinachotumia neno moja kwa kazi nne. Sisi tunalo neno kwa kila kazi.

Na lile "up"? Tazama miisho ya vitenzi vyetu: shika huzaa shikamana, funga huzaa fungamana, songa huzaa songamana. Alitafutalo Mwingereza kwa neno la pili, sisi twalipata ndani ya neno lile lile.

Umaskini, basi, hauko katika lugha; uko katika uvivu wa mfasiri. Na ajiulize kwanza: ni mmoja au ni wengi? Ni baridi, ni hofu, au ni siri? Akishajibu, neno atalipata. Asipojibu, asiisingizie lugha.