MTOTO HAACHI SKULI SIKU MOJA



 

Wazazi wapenzi na wanafunzi wetu, hapa Pemba kila msimu wa karafuu unapopamba moto, madawati ya skuli huanza kuwa matupu, na mikeka ya chuoni vivyo hivyo. Mvulana hukosa Jumatatu kwa kwenda kuchuma, akakosa na Jumanne, hata mwisho wa wiki ameshika pesa yake mwenyewe. Msichana hubakishwa nyumbani kuchambua makonyo na kulea wadogo zake. Wakirudi wiki ya pili wanakuta hesabu zimewaacha. Wakiulizwa hawajui, wakichekwa wanaona haya. Wiki ya tatu hawarudi. Sisi wakubwa husema, "Fulani kaacha skuli," kana kwamba aliamka asubuhi moja akaamua. Sivyo. Alikuwa akiondoka kidogo kidogo, nasi tukimtazama.

Tusisingizie ada, kwani Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tangu mwaka 1964. Ni kweli, sare, madaftari na njaa vinachangia. Lakini kwa maoni yangu, wengi huondoka kwa kuona kwamba wakiwepo au wasiwepo, hakuna anayewauliza.

Na sisi walimu wa madrasa tusijitoe. Kijana akishahitimu Msahafu, akiwa na miaka 13 au 14, mara nyingi hatuna darasa jengine la kumpa. Akirudi baada ya utoro, tunampokea kwa bakora mbele ya wadogo zake. Mimi nimewahi kufanya hivyo. Kijana yule hakurudi tena, na mpaka leo tukikutana njiani, anayeinamisha macho ni mimi.

Inapokewa katika sira kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasiokuwa na fidia lakini wakijua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Waislamu wakati huo walikuwa wahitaji, na bado Mtume (S.A.W.) aliikubali elimu mahali pa mali. Leo sisi tunaitoa elimu ya mtoto kwa pishi za karafuu!

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mtoto akikosa siku mbili, mwalimu apite kwao jioni ile ile, akaulize hali, asiende kugomba. Pili, wazazi tuwaache watoto wachume siku za mapumziko tu. Tatu, waliohitimu wapewe wadogo wa kuwasomesha, na wapate darasa lao la fiqhi. Mtu mwenye kazi na heshima mahali hapakimbii.

Nawe mwanafunzi uliyekwishaondoka, rudi. Haya ya siku moja ni nyepesi kuliko majuto ya miaka. Mlango uko wazi, na bakora nimeiweka chini.

Wabillahi tawfiq.