Macho Yetu na Dawa ya Wachina

Kule internati watu wanabishana sana juu ya dawa ya Wachina. Wengine wanasema inaponyesha macho yote, wengine wanasema ni bure tu. Sisi tunaona pande zote mbili zinakimbia mno.

Waganga wa China tangu zamani walifundisha kwamba ini ndilo linatunza macho. Mtu akisikia hivi anacheka: ini na jicho, wapi na wapi? Lakini ngojeni kwanza. Zaidi ya miaka 1300 iliyopita munganga Sun Simiao aliandika kwamba mtu asiyeona wakati giza linaingia apewe ini la nyama ale. Leo sababu inajulikana: ini ni ghala ya vitamini A, na jicho likikosa vitamini hiyo haliwezi kuona gizani. Sun Simiao hakujua vitamini, lakini alijua mgonjwa wake. Kwetu hapa ini ni chakula cha wenye pesa, lakini mawese na sombe tunavyo, na mwili unatoa vitamini ile ile humo. Wale wanaosukuma sahani ya sombe (tunawajua!) wafikiri tena.

Jambo lingine hatulikubali upesi. Tangu mwaka 1963, kuanzia Beijing, wanafunzi wa China wanafanya mazoezi ya macho shuleni: wanafumba macho, wanakanda kwa vidole penye nyusi, pua na pembeni ya macho, karibu dakika tano. Yanapumzisha, sawa. Lakini mwaka 2020 serikali yao yenyewe ilipata kwamba watoto na vijana 52.7 kwa mia hawaoni mbali vizuri. Kama kukanda kungetosha, hesabu hiyo ingetoka wapi? Kule kule China, mjini Guangzhou, waganga walijaribu jambo rahisi: watoto wa mwaka wa kwanza katika shule 6 waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka 3, walioshikwa na ugonjwa ule walikuwa 30 kwa mia. Katika shule zingine 6, karibu 40.

Tena kuna wenzetu wakisikia tu "dawa ya majani", mbio wanatia maji ya majani ndani ya jicho. Hapana! Namna hiyo imepofusha watu wengi: kioo cha jicho kinaungua, kinabaki na kovu.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa shule: mwanafunzi anayekunja uso mbele ya ubao asiitwe mvivu, apelekwe kwanza kupimwa macho. Mtu anaweza kuanguka mtihani wa Serikali juu ya macho, si juu ya akili. Tena mapumziko yasikatwe kwa kunakili masomo ndani ya darasa, tutoke nje. Na ninyi wa nyuma mnaosikia haya kusema hamuoni, semeni kwa mwalimu wa darasa lenu juma hili. Viti vya mbele viko.