Matamshi ya Kiingereza na Elimu ya Chuoni

Kuna jambo moja katika ufundishaji wa Kiingereza huku kwetu Shela ambalo sina budi kulitolea maoni. Mtoto husimama akasoma, akakosea tamko, darasa likacheka, na mwalimu akamwambia, "Sema tena!" Akasema vile vile. Hakuna aliyemwonyesha ulimi auweke wapi. Siku ya pili hainui mkono, na lugha haipatikani kwa kunyamaza.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo, akiwa chuoni alasiri, hufundishwa matamshi kwa njia bora kabisa. Huambiwa kuwa thaa hutoka kwenye ncha ya ulimi na ncha za meno ya juu. Qafu hutoka nyuma, kwenye mzizi wa ulimi. Hiyo ndiyo elimu ya makharija, nayo si ya jana. Sibawayhi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, alizipanga herufi za Kiarabu katika makharija 16. Walimu wa lugha wa Ulaya, wakiongozwa na Paul Passy, waliunda chama chao cha fonetiki mjini Paris mwaka 1886, zaidi ya miaka 1,000 baadaye.

Tazama basi akiba aliyonayo mtoto wa Shela. Sauti ya mwanzo ya "think", inayowashinda Wafaransa na Wajerumani wengi, ndiyo ya thelathini. Na ya "this" ndiyo ya dhahabu. "Pen" hutamkwa kwa pumzi, kama tunavyomtaja paa wa mwituni, si kama paa la nyumba. Sauti hizo anazo tayari. Kazi ya mwalimu ni kumwambia tu.

Penye taabu ni mwisho wa neno na irabu. Sisi tumezoea kufunga neno kwa irabu, ndipo "bus" ikawa basi. Lakini mtoto wa chuoni anaijua sukuni: akisimama juu ya "ahad" haongezi irabu. Akumbushwe hayo. "Ship" na "sheep" zina kazi zaidi, maana Kiswahili kina irabu 5 tu na Kiingereza kina zaidi ya 10. Madda itamfikisha nusu ya njia, kwani la pili huvutwa; nusu iliyobaki ni ulimi, ambao katika "ship" hushuka kidogo na kulegea.

Wapo watakaosema vijana wa ufukweni wamejifunza kwa watalii bila ya mwalimu. Kweli, na wengi wao wanasema vizuri. Lakini mabinti wanaobaki majumbani hawana mtalii wa kumsikiliza. Tegemeo lao ni darasa.

Wengine wataona si adabu kulinganisha Qur'ani na Kiingereza. Nami silinganishi. Kuichunga kila herufi ya Qur'ani ni ibada. Kiingereza ni chombo cha kusafiria: kikifika, yaani msikilizaji akifahamu, kimetosha. Hatumtaki mtoto aseme kama mtu wa London. Tuazime njia ya kufundisha, ukali tuuache.

Walimu wetu wa skuli, yafaa mwende mkaketi chuoni alasiri moja, msikilize. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.