Picha ya Nyota Mkia: Kusafisha si Kughushi

Mwezi Oktoba 2024, nyota mkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ilipoonekana upande wa magharibi baada ya jua kuchwa, picha zake zilienea upesi kutoka simu hadi simu. Hapa Nairobi nilisikia hukumu za aina mbili. Wapo waliozipokea picha zote bila swali, na wapo waliozikataa zote wakidai kuwa ni usanii wa tarakilishi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikosa jambo moja: kujua picha ya namna hiyo hutengenezwaje. Upungufu huo una dawa, nayo imo katika shule zetu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengi waliiita kimondo. Kimondo ni kipande cha jiwe au vumbi kinachowaka kwa muda mfupi sana kinapoingia katika angahewa ya dunia. Nyota mkia ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka jua, na huweza kuonekana kwa majuma kadhaa. Hii ninayoizungumzia iligunduliwa mwezi Januari 2023 katika kituo cha Purple Mountain nchini Uchina, na mwezi uliofuata ikanaswa na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Ndiyo maana ina majina mawili. Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita karibu zaidi na jua, umbali wa kilomita milioni 58 hivi, na tarehe 12 Oktoba ikaikaribia dunia kwa umbali wa kilomita milioni 70 hivi.

Kwa mkazi wa Nairobi, mwendo huo ulikuwa somo la jiografia. Mwishoni mwa Septemba nyota hiyo ilichomoza mashariki kabla ya alfajiri. Aliyeitazama akiwa Kangemi au Uthiru alilazimika kuitafuta juu ya mng'ao wa taa za katikati ya jiji. Ilipohamia magharibi wakati wa jioni, mtu huyohuyo aliupa mji kisogo na kuelekeza kamera upande wa Kikuyu, ambako anga ina giza kidogo. Naye aliyesimama Kenyatta Avenue jioni hizo alikuwa na taa za barabarani kila upande, na mbele yake majengo ya Upper Hill na Westlands. Isitoshe, mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17 Oktoba, na mawingu ya kutangulia mvua za vuli yalikuwa yameanza kutanda.

Katika hali kama hiyo, picha moja haitoshi. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, na kwa hivyo kamera iliyotulia juu ya miguu mitatu ikiachwa wazi muda mrefu, nyota hujichora kama mistari. Wapiga picha wana kanuni nyepesi: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, nawe utapata idadi ya sekunde unazoruhusiwa. Lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Kwa sekunde hizo, kutoka vitongoji vyetu vya magharibi, utapata anga ya rangi ya kutu, iliyojaa chengachenga, na nyota mkia iliyofifia kama alama ya chaki iliyopanguswa ubaoni.

Hapo ndipo kazi ya kusafisha huanza. Mpiga picha hupiga picha nyingi, akazipanga moja juu ya nyingine kwa tarakilishi na kutafuta wastani wake. Mwanga wa nyota mkia unarudia mahali pamoja katika kila picha, lakini chenga hubadilika ovyo. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 16 huzipunguza hadi robo, na picha 100 hadi sehemu moja ya kumi. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwaambia wanafunzi 40 wapime dawati moja, kisha watafute wastani, ameshaifundisha hesabu hii. Zaidi ya hayo, hupigwa picha nyingine lenzi ikiwa imefunikwa, ili kasoro za kamera yenyewe zijulikane na kutolewa. Mwishowe mng'ao wa jiji hukadiriwa na kuondolewa. Hakuna kilichobuniwa hapo. Kilichokuwepo kimeondolewa taka.

Je, mpaka wa kusafisha na kughushi uko wapi? Swali hili si jepesi. Nyota mkia yenyewe ilikuwa ikisogea digrii kadhaa kwa siku mbele ya nyota nyingine. Ukizipanga picha kwa kufuata nyota, kichwa chake hukosa ukali. Ukikifuata kichwa, nyota hugeuka mistari. Wapo wanaofanya yote mawili kisha wakaunganisha matokeo. Mimi naona ni halali, mradi waseme hivyo. Lisilo halali ni kurefusha mkia kwa brashi, au kuibandika nyota juu ya jumba la KICC mahali ambapo haikuwepo. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: picha ghafi zihifadhiwe, kila hatua iandikwe, na mtu mwingine aweze kuirudia kazi na kufikia matokeo yaleyale.

Maumbile nayo hutoa ushahidi. Mkia mkuu huelekea upande ulio mbali na jua. Kwa hivyo jioni, magharibi, sharti uelekee juu. Rangi ya kijani inayoonekana katika baadhi ya nyota mkia hukaa kichwani, kwa sababu molekuli za kaboni mbili zinazoitoa huvunjwa na mwanga wa jua kabla ya kuufikia mkia. Mwanafunzi anayejua hayo, akionyeshwa mkia wa kijani kibichi, atauliza aliyeupaka ni nani.

Kuna watakaosema kwamba shule hazina vifaa na kwamba muhula hautoshi. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haitoshi kutufunga mikono. Simu nyingi za leo, zikiwekwa katika hali ya usiku, hupiga picha kadhaa na kuzichanganya zenyewe bila kumwarifu mwenyewe. Basi hata anayejivunia picha ya simu isiyoguswa, picha yake imeguswa. Programu kama Siril na DeepSkyStacker hupatikana bila malipo. Wala si lazima kungoja nyota mkia nyingine: Kilimia kipo angani jioni za mwisho wa mwaka, na mwezi uko kila mwezi.

Tena elimu ya nyota haijawahi kuwadharau wasio wataalamu. Nyota mkia ya kwanza kupigwa picha, ile ya Donati mwaka 1858, ilipigwa na William Usherwood, mpiga picha za watu nchini Uingereza. Mwaka 1882, huko Cape, Afrika Kusini, mnajimu David Gill alishirikiana na mpiga picha wa studio ya jirani kuipiga nyota mkia kubwa ya mwaka huo. Picha zao zilinasa nyota nyingi mno nyuma ya mkia, hata Gill akaamua kuorodhesha nyota za anga ya kusini kwa kamera. Orodha hiyo ilipokamilika ilikuwa na nyota zaidi ya 450,000.

Vijana wetu wanaishi katika zama za akili unde, ambapo picha ya jambo lisilotokea hutengenezwa kwa sekunde chache. Kuwaambia wasiamini picha yoyote ni kuwanyima ushahidi. Kuwaambia waamini zote ni kuwauza. Nawasihi walimu wa fizikia na wasimamizi wa mashindano ya sayansi shuleni wadai vitu viwili pamoja na kila picha ya anga: picha ghafi na daftari la hatua. Anayetaka kwenda mbele zaidi atakuta Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya elimu ya nyota. Lakini yule atakayekuwa karani, mkulima au hakimu naye atakuwa amejifunza kumuuliza kila anayemletea picha: uliipataje, na umeifanya nini?