Maji Matupu Hayatoshi
Jirani alinibishia hodi usiku. Mwanawe alikuwa akiharisha. Alimpa maji matupu tele, lakini mdomo ulikuwa ungali mkavu. Kwa nini? Maji hufuata chumvi, nayo chumvi hupenya vyema utando wa seli za utumbo ikiandamana na glukosi, kama alivyoeleza Robert Crane mwaka wa 1960.

Basi mama, ukikosa pakiti ya ORS, koroga sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, visivyo na kilele, katika lita 1 ya maji safi. Usizidishe: sukari nyingi huyavuta maji kurudi utumboni. Mnyweshe kidogo kidogo, ukiendelea kumnyonyesha. Macho yakididimia, mkimbize hospitali.

Wa jirani yangu alipambazukiwa akidai uji.